Mwaka wa Kwanza, wa Pili na wa Tatu, Wote Nilikuwa Mimi

Treni iliingia Kigoma mchana, imechelewa kama kawaida yake. Nikashuka na begi moja na mgongo uliokufa ganzi. Bingwa wa upasuaji wa hospitali niliyokuwa naendea alikuwa amekuja stesheni mwenyewe kunipokea, na kwa dakika moja hivi nilijiona mtu wa maana. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kunitazama, maana macho yake yalikuwa nyuma yangu, mlangoni mwa behewa. Wakashuka akina mama na madumu matupu ya mawese. Wakashuka wanaume wawili wakigombana na godoro. Akashuka mtu na jogoo. Bingwa anangoja tu. Behewa lilipobaki tupu, akapanda akachungulia ndani, akashuka.

"Wenzako wako wapi?"

"Niko peke yangu, mkubwa."

Akanitazama sasa, kuanzia viatu.

"Niliomba ngazi," akasema. "Wameniletea kipago kimoja."

Ili mtu aelewe hasira ya mzee yule, lazima nieleze ngazi yenyewe. Wengi hudhani daktari akishahitimu amehitimu. Thubutu! Unasoma miaka mitano, unavaa joho, mama yako anapiga vigelegele, kisha unapelekwa mwaka mzima wa kujifunza kwa vitendo, ambapo kazi yako kubwa ni kukimbia na chupa za damu. Ukitaka kuwa mpasuaji, unarudi tena hospitali ya kufundishia, unaitwa residenti, na unaanza upya chini kabisa. Wakati wetu ilikuwa miaka mitatu. Wa mwaka wa kwanza hushika ritrakta, kile chuma kilichopinda cha kuvutia kidonda kikae wazi, na hukishika mpaka mkono usahau kuwa ni wake. Wa mwaka wa pili hupasua majipu na ngiri huku akichungwa. Wa mwaka wa tatu huaminiwa tumbo, na ndiye mwenye kuwafundisha walio chini yake. Juu yao wako mabingwa, na juu ya mabingwa yuko profesa, ambaye watu humpisha njia hata akiwa anakwenda chooni.

Kwenye raundi za asubuhi wodini, swali huanzia kwa mdogo. Akishindwa, linapanda kwa aliye juu yake, na huyo akishindwa linapanda tena. Likifika juu bila jibu, matusi yanaanza kushuka kwa njia ileile. Na katika chumba cha upasuaji kila mtu ana pake. Mwenye kisu husimama upande wa kulia wa mgonjwa, mshika ritrakta ng'ambo yake, na hakuna mdogo anayetoka mle bila kuomba ruhusa kwa mwenye kisu, hata kama kibofu kinampasuka.

Katikati ya mafunzo, residenti hupelekwa mikoani kwa miezi kadhaa akapate mikono. Mimi nilipewa Kigoma, na sharti moja. Kabla sijarudi, bingwa wa huko awaambie walimu wangu kwamba nimefanya walau upasuaji mmoja kwa mkono wangu kutoka ngozi hadi ngozi, yaani kuanzia kukata mpaka uzi wa mwisho. Asiposema hivyo, ningerudia mwaka wa kwanza. Kurudia si kitu, watu hurudia. Tatizo lilikuwa jamaa mmoja niliyeanza naye, mtafuna karanga, aliyekuwa akinipumulia shingoni kila raundi. Angepanda mwaka wa pili, awe mkubwa wangu. Ningemwamkia. Ningemshikia ritrakta huku akitafuna nyuma ya barakoa. Niliapa kwamba nitakula udongo kwanza.

Basi ndivyo nilivyofika, na kumbe nimefika kwa mtu aliyekwisha kasirika. Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi. Watu walikuwa wakivuka kutoka Burundi, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi mpaka Kagunga na kushuka pwani yote ya kaskazini, na mji ulikuwa umejaa magari meupe ya mashirika. Madaktari wasaidizi wote wa bingwa walikuwa wamechukuliwa makambini. Wauguzi wakawafuata. Hata dereva wa gari la wagonjwa alifuata. Wodi ikabaki na wagonjwa wawili wawili kitandani na wengine kwenye mikeka ukumbini, na bingwa akabaki na mtu mmoja tu wa kuaminika, sista wa chumba cha upasuaji, mama wa Ujiji kwa kuzaliwa, mwenye hijabu nyeupe na ulimi mkali kuliko vyombo alivyovitunza. Bingwa aliomba hospitali yetu ya kufundishia impelekee residenti watatu, mmoja wa kila mwaka. Alitaka timu kamili kama ile aliyolelewa nayo yeye, huko alikosomea, chini ya mwalimu aliyekuwa akiwapiga vidoleni kwa koleo. Akaletewa mimi.

Kesho yake asubuhi, wodini, akapiga makofi. "Haya, pangeni mstari."

Nikageuka kutazama nyuma. Hapakuwa na mtu. "Nani, mkubwa?"

"Nyinyi. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mimi sifundishi nusu ngazi."

Nilidhani anatania. Nikacheka kidogo, kwa heshima. Yeye hakucheka, wala sista hakucheka, na ndipo nilipojua kwamba nimepatikana.

"Mwaka wa kwanza," akasema, akinionyesha pa kusimama, miguuni mwa kitanda. "Kitovu kina kazi gani kwa mtu mzima?"

"Sijui, mkubwa."

"Mwaka wa pili!"

Nikabaki palepale. Akaninyooshea kidole nisogee hatua moja kulia. Nikasogea.

"Pengine, mkubwa, kina..."

"Pengine ni jibu la mpiga ramli. Mwaka wa tatu!"

Nikasogea tena. Sasa nilikuwa karibu na mto wa mgonjwa, ambaye alikuwa akinifuata kwa macho kama anayetazama mpira. "Sijui, mkubwa," nikasema.

"Aibu. Na huyu wa mwaka wa kwanza, umemfundisha nini tangu aje?"

Nikapatazama pale miguuni mwa kitanda, patupu. Sijui shetani gani alinipitia. "Nimejaribu, mkubwa," nikasema. "Kichwa chake kigumu."

Nikaona kidevu cha sista kikitetemeka. Bingwa akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaamuru wa mwaka wa tatu amchukue wa mwaka wa kwanza barazani, amfundishe mishipa ya tumbo mpaka saa ya chai. Nikaenda. Nikakaa kwenye benchi, nikafundisha nafasi iliyo wazi kando yangu, kwa mikono na kwa ukali kiasi, maana bingwa alikuwa akichungulia dirishani. Ndugu za wagonjwa waliokuwa wakipika uani wakanyamaza mmoja mmoja. Mama mmoja akamvuta mtoto wake karibu. Mzee mmoja akanisogelea, akaniuliza kwa upole kama nimekula tangu jana.

Mtu huzoea kila kitu. Wiki ya pili nilikuwa nasogea bila kuonyeshwa. Na kwa kuwa kazi bila mchezo huchosha, nikaanza kuwapa wale watatu sauti zao. Wa kwanza alikuwa na kisauti chembamba cha mtu aliyevunja sahani. Wa pili alisema kwa haraka, mjuaji, mwenye makosa mengi. Wa tatu nilimpa sauti nzito, ya pole pole, ya mtu mwenye nyumba ya bati. Bingwa hakunikataza. Nadhani alimpenda yule wa tatu, maana alikuwa akimjibu kwa adabu kuliko alivyonijibu mimi. Jina langu hakulitaja hata siku moja, wala neno "daktari" halikumtoka. Alikuwa akiita mwaka, na mwaka ukaitika.

Nilipanga kwa sista, mtaa wa Kasingirima, chumba cha uani. Jioni nilikuwa nikijifunza mafundo, maana mpasuaji lazima afunge fundo kwa mkono mmoja, kwa upesi, bila kutazama. Nilifunga mafundo kwenye kamba ya kuanikia nguo, kwenye mpini wa birika, kwenye matamvua ya shali yake. Siku moja nilikifunga chandarua changu kwenye kitanda kwa mafundo mazuri mno, hata asubuhi nikashindwa kutoka. Sista alikuja na mkasi.

"Mwanangu," akasema akinikata, "ukimshona mtu namna hii, huyo hafunguki mpaka kiyama. Kwa nini hakupi kisu?"

"Anasema mkono wangu unatetemeka."

"Unatetemeka?"

"Akinitazama tu."

Hilo lilikuwa kweli, na liliniuma. Mkono wangu ulikuwa mzuri barazani, mzuri kwenye birika, mzuri hata kwenye utumbo wa mbuzi nilioshonea uani mpaka paka wa sista akahamia chumbani kwangu jumla. Lakini bingwa akisimama mbele yangu kule ndani, vidole vilianza kucheza vyenyewe. Akaniweka kwenye ritrakta tangu nilipofika, kila upasuaji, huku miezi yangu ikiisha.

Nikaamua kumwomba. Nikamkuta ofisini akila samaki, mgebuka wa kukaanga, kwa uma na kisu, akiutenga uti wa mgongo mzima mzima pembeni ya sahani.

"Mkubwa, nilikuwa naomba..."

"Nani anaomba?"

Nikafikiri. "Mwaka wa kwanza, mkubwa."

"Wa mwaka wa kwanza hasemi na bingwa. Amwambie wa pili."

Nikasogea hatua moja. Nikajigeukia. Nikajiambia kwa kisauti chembamba kwamba naomba kufanya upasuaji mmoja kabla sijaondoka. Wa pili akamweleza wa tatu, na akaongeza chumvi, kama kawaida yake. Wa tatu akakohoa, akasema kwa sauti nzito, "Mkubwa, huyu mdogo wetu anaomba kisu. Bila hivyo atarudia mwaka."

Bingwa akatafuna, akameza. "Mwambie wa pili amwambie wa kwanza: bado."

Ikanibidi nimpelekee ujumbe. Niliposogea mpaka mwisho na kupokea lile "bado" kwa kisauti changu chembamba, machozi yalinilengalenga kweli, na sikuwa naigiza.

Sasa, katika wodi ya wanawake alikuwako mama mmoja wa Mwamgongo. Alikuwa Mrundi, wa ule ukimbizi wa zamani, kabla ya huu uliojaza mji. Alifika ziwani msichana, akaolewa, akazeeka pale kijijini akilima muhogo na kuanika dagaa. Alikuwa na ngiri ya kitovu, uvimbe wa kama ngumi, uliokua kwa kubeba matenga miaka yote hiyo. Kila alipopangiwa siku, boti ilileta watu wenye majeraha na yeye akasogezwa mbele, kwa hiyo alikuwa amekaa wodini muda mrefu kuliko vitanda vyenyewe. Na alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Aliona mwanga na vivuli, basi. Watu aliwajua kwa sauti.

Mnaona balaa linakotokea.

Nililigundua siku nilipompima joto kwa sauti yangu ya kawaida, akaniuliza, "Na wewe ni nani? Ni mpya?" Nikacheka, nikamjibu kwa kisauti cha wa kwanza. "Aa, ni wewe," akasema, na furaha ikamwisha. "Yule mwenzako mkubwa yuko wapi? Yule wa tatu. Huyo ndiye muganga. Wewe, mwanangu, jitahidi. Kila siku hujui, hujui." Akatoa chini ya mto kifurushi cha dagaa wa kukaanga, wa mawese. "Mpelekee huyo wa tatu. Usile njiani."

Nilikula njiani. Lakini nilikula kwa niaba yake.

Ningemwambia ukweli siku ile. Nilitaka, ila dagaa walikuwa watamu, na yeye alikuwa akisubiri raundi kama watu wanavyosubiri taarabu. Akawa anatuma salamu kwa mmoja na maonyo kwa mwingine. Huyo wa pili, mama hakumpenda kabisa. Alisema anasema sana, atakuja kuoa wanawake wengi.

Ikawadia raundi ya wiki yangu ya mwisho. Bingwa akasimama kando ya kitanda chake. "Mama, kesho ni zamu yako. Hakuna kusogezwa tena."

"Ego, asante. Nani atanipasua?"

"Mimi."

"Oya," akasema yule mama.

Kwa Kirundi ego ni ndiyo, na oya ni hapana. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwambia bingwa oya.

"Wewe mkubwa nakuheshimu," akaendelea, "lakini una hasira, na mtu wa hasira asinishike tumbo. Namtaka wa mwaka wa tatu. Yule wa sauti nzito. Nimelala hapa nawasikiliza wote. Huyo ndiye aliyetulia. Yule mdogo msimlete hata karibu."

Bingwa akageuka pole pole. Nilisimama pale nilipokuwa, kwenye nafasi ya kwanza, nikitamani sakafu ifunguke. Sista alikuwa amejifunika mdomo kwa hijabu. Bingwa alinitazama muda mrefu, na sikuweza kujua kama ataniua au atacheka. Kisha akasema, "Mwambie ukweli. Mgonjwa hapasuliwi na mtu asiyemjua." Akatoka, akatuacha.

Nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikamshika mkono, nikauweka usoni kwangu. Nikasema kwa kisauti chembamba, "Mama, huyu ni wa kwanza." Nikasema haraka haraka, "Na huyu wa pili." Nikashusha sauti, "Na huyu wa tatu. Uso ni mmoja, mama. Niko peke yangu. Mimi ni wa mwaka wa kwanza, na sijawahi kufanya upasuaji wangu mwenyewe. Nisamehe."

Vidole vyake vilipita kwenye paji la uso, pua, kidevu. Akavirudisha tena juu, kuhakikisha. Nilingoja anizabe kofi.

"Dagaa wangu," akasema, "wote umekula wewe?"

"Wote, mama."

Akaanza kucheka. Alicheka huku ameshika uvimbe wake kwa mikono miwili, maana ulikuwa ukimuuma, na kila ulipomuuma akazidi kucheka. Mwisho akajifuta macho. "Mwanangu, na mimi kwetu ni mwingine, sokoni ni mwingine, kanisani ndiyo usiseme. Kumbe yule wa tatu yumo humo ndani?"

"Sijui kama yumo, mama. Namwigiza."

"Yumo. Nimemsikia. Basi aje yeye kesho, hao wawili wabaki nje. Na mkubwa wako awepo, akuangalie." Kisha akaacha kucheka. Akanivuta karibu. "Na jambo jingine. Mnaulizana kila siku kitovu kina kazi gani. Hamjui kweli?"

"Hatujui."

"Kamba yangu ya kitovu ilizikwa kwetu, chini ya migomba, nyuma ya nyumba ya baba. Sitapaona tena pale, hata macho yakipona. Hiki ndicho kipande nilichokimbia nacho. Nasikia mkubwa wako hukikata akakitupa. Mwambie wa tatu anibakizie."

Ilikuwa kweli. Bingwa wetu alifuata njia ya zamani, ya kuondoa kitovu pamoja na ngiri, kwa kuwa ni rahisi kushona. Kukibakiza kunataka subira na mkono mtulivu. Nilitoka mle nikiwa na woga mpya, juu ya ule wa zamani.

Nikampelekea bingwa maneno yote. Nilimkuta amesimama dirishani, mikono nyuma. Hakuniuliza nani anasema, nami nikasahau kusogea. Nilipomaliza akasema jambo moja tu: "Wa mwaka wa tatu akishika kisu, mahali pa wa mwaka wa kwanza panabaki wazi."

"Ndiyo, mkubwa."

"Mimi siendeshi nusu ngazi."

Nikajua ndiyo mwisho. Usiku ule niliota namnunulia yule jamaa karanga.

Asubuhi nilinawa mikono mpaka ngozi ikasinyaa, nikaingia kusimama ng'ambo ya meza kama kawaida, mahali pa ritrakta. Pana mtu. Bingwa alikuwa amekwisha vaa, ameinamisha kichwa, mikono imekunjwa kifuani katika glovu. Alikuwa mrefu, na mahali pale pana kistuli cha wafupi, nacho hakuwa amekiondoa, kwa hiyo kichwa chake kilikaribia taa.

"Umechelewa," sista akaniambia. "Wa mwaka wa tatu husimama kulia, mwanangu. Hujui?"

Nikaenda kulia. Mama wa Mwamgongo alikuwa amechomwa sindano ya ganzi mgongoni, yuko macho, na kitambaa kimetundikwa mbele ya kifua chake asione, kana kwamba angeona.

"Ni nani hapo?" akauliza.

"Ni wa tatu, mama," nikasema kwa sauti nzito.

"Haya. Na nani mwingine?"

Bingwa akasema, "Mwaka wa kwanza, mama."

"Huyu wa kwanza wa leo amezeeka," akasema mama.

Mkasi ulimponyoka sista. Nilinyoosha mkono, akaniwekea kisu. Na vidole vikaanza. Vilitetemeka wazi, kila mtu akiona. Nikamtazama bingwa, nikingoja aseme "bado". Alikuwa ametazama chini, kwenye kidonda ambacho hakijakatwa.

"Mkubwa," akanong'ona, "kabla ya kukata, wa mwaka wa kwanza huulizwa swali."

Nilikuwa na swali moja tu duniani. "Mwaka wa kwanza, kitovu kina kazi gani kwa mtu mzima?"

"Sijui, mkubwa."

Nilimtazama machoni, juu ya barakoa, na naapa hakuwa akiigiza. Alikuwa ameuliza swali lile maisha yake yote, kama alivyoulizwa yeye, na hakuna aliyewahi kumpa jibu.

"Mwambie," akasema mama nyuma ya kitambaa.

"Ni cha kukumbuka kwao," nikasema. "Leo hatukikati."

"Sawa, mkubwa." Akangoja. "Hunikemei? Sikulijua."

"Siwezi, mkub... siwezi."

"Lazima. Ndiyo utaratibu."

"Kasome!" nikasema, kwa sauti iliyopanda juu kama ya mbuzi, na sista akageukia ukutani mabega yakimtikisika, na mama akacheka mpaka tumbo likacheza mbele yangu, ikanibidi niseme, "Mama, tulia, nakata." Nilipotazama kisu kilikuwa kimetulia. Hakuna aliyekituliza. Kilikuwa kimetulia tu.

Nikakata. Bingwa akaingiza ritrakta, akavuta. Nilikuwa nimeishika miezi yote ile na kujisifu kwamba nakishika vizuri kile chuma. Sikuwa nimewahi kuona inavyoshikwa. Kila nilipotaka kuona, palikuwa pamefunguka. Mara moja nilipeleka sindano pabaya, na ritrakta ikasita, kidogo tu. Nikairudisha, nikapeleka pengine, ikalegea. Nikakitenga kitovu na ile ngiri pole pole, nikafunga pengo, nikakirudisha kitovu mahali pake na kukishona chini, kiingie ndani kama cha watu wote. Mafundo yalikwenda yenyewe. Sijui ni saa ngapi ile sauti nzito iliniacha. Nilijikuta nikiomba uzi na mkasi kwa sauti yangu, ile aliyonipa mama yangu, na hakuna aliyeuliza huyu ni nani.

"Kipo?" mama akauliza, nilipokata uzi wa mwisho.

"Kipo, mama."

"Asante, wa tatu," akasema. Kisha akafikiri. "Asanteni nyote watatu."

Nikainua kichwa. Bingwa alikuwa ameshatoa ritrakta, ameirudisha kwa sista. Nilidhani sasa atasema lolote kuhusu mkono wangu, au kuhusu walimu wangu, au atavua glovu aende zake kama alivyozoea, mlango ukipiga nyuma yake. Hakuondoka. Alishuka kwenye kile kistuli, akasimama wima, mikono mbele, kama nilivyosimama mimi kila siku tangu nilipofika, shingo ikiniuma, kibofu kikiniuma.

"Daktari," akasema, "naomba ruhusa nikanywe chai."

Macho yangu yakajaa, na mtu aliyevaa glovu hawezi kujifuta. Nikamwambia aende, ila asichelewe.